Bastola Moja Yatosha, Tena kwa Masharti

Swali hili hunifikia kwa njia nyingi, lakini kiini chake ni kimoja. Kijana wa kwetu aliyehamia Marekani, pengine dereva wa lori Texas, pengine mfanyakazi wa ghala Kentucky, ameruhusiwa na sheria kutembea na bastola iliyofichwa chini ya shati. Alianza na moja. Miezi michache baadaye akaona nyingine nyembamba, ya kuvalia fulana wakati wa joto. Ikaja ya tatu, nzito kidogo, ya kuvalia koti wakati wa baridi. Sasa kila asubuhi anafungua sefu na kujiuliza leo itoke ipi. Anataka kujua: azibebe kwa zamu, au ashikamane na moja?

Jibu nalitoa mapema, asije mtu akachoka kulisubiri: shikamana na moja. Ila usidhani nimekurahisishia kazi, maana hiyo moja ina masharti mazito kuliko bei uliyoilipia.

Walioko nyumbani huenda wakashangaa kwamba swali kama hili lipo. Kwetu Afrika Mashariki, mtu akitaka kumiliki bastola kihalali hupeleka maombi, huchunguzwa, na ofisi ya serikali ndiyo inayoamua kama sababu yake inatosha. Marekani mambo yamekwenda upande mwingine. Mwaka 1987 jimbo la Florida lilipitisha sheria ya kumpa kibali kila mwombaji aliyetimiza vigezo, na majimbo mengi yakafuata njia hiyo. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi iliyotoka New York na kujulikana kwa jina la Bruen, iliamua kwamba mtu halazimiki kuonyesha sababu ya pekee ndipo apewe kibali cha kubeba bastola hadharani. Kufikia mwisho wa 2024, majimbo 29 hayakuwa yakidai kibali chochote kwa mtu mzima asiyekatazwa na sheria kuwa na silaha. New York inadai saa 16 za darasani na saa 2 za kufyatua risasi mbele ya mwalimu. Katika mengi ya hayo majimbo 29, mtu anaweza kununua bastola asubuhi na jioni akawa nayo kiunoni, hajawahi kufyatua hata risasi moja.

Hivyo jambo ambalo kwetu huamuliwa na afisa mezani, huko limeachiwa dhamiri ya mnunuzi. Katika mengi ya majimbo hayo, sheria haitamwambia abebe ngapi wala ajifunze kiasi gani. Pale sheria inaponyamaza, wazee wana wajibu wa kusema.

Tuanze na mkono, kwa sababu hoja yangu ya kwanza iko mkononi kabla haijafika moyoni. Mtu akishikwa na hofu ya ghafla, moyo hupiga mbio, macho huona kitu kimoja tu kilicho mbele, vidole hupoteza wepesi wa kufanya mambo madogo madogo. Hapo hakuna nafasi ya kukumbuka. Mkono hufanya kile ulichozoea kufanya, si kile mwenyewe anachokijua. Kila aliyejifunza kuendesha gari Nairobi au Dar es Salaam kisha akaenda kuendesha Marekani anaufahamu ukweli huu. Anataka kukata kona, mkono unakwenda kuwasha indiketa, na waipa zinaanza kufuta kioo kikavu. Anajua vizuri kwamba kwenye gari hili vijiti vimebadilishana pande, lakini mkono haujaambiwa. Kwenye gari tunacheka na kuendelea na safari.

Kwenye silaha hakuna kicheko. Tarehe 1 Januari 2009, katika kituo cha treni cha Fruitvale mjini Oakland, California, polisi Johannes Mehserle alimpiga risasi Oscar Grant aliyekuwa amelazwa kifudifudi, akafa. Mahakamani alisema alikusudia kutumia Taser, kile kifaa cha kupiga shoti ya umeme. Alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Tarehe 11 Aprili 2021, huko Brooklyn Center, Minnesota, polisi Kim Potter alipaza sauti kwamba anatumia Taser, huku mkononi ameshika bastola. Daunte Wright, kijana wa miaka 20, akafariki. Potter alikuwa na miaka 26 kazini. Bastola yake ilikuwa nyeusi na ilikaa upande wa kulia. Taser ilikuwa ya manjano na ilikaa upande wa kushoto. Rangi mbili, pande mbili, uzoefu wa robo karne, na bado mkono ulikwenda usikotumwa. Yeye pia alitiwa hatiani, akafungwa.

Utasema: hao walichanganya bastola na Taser, mimi nachanganya bastola na bastola. Ni kweli. Lakini fikiri vizuri tofauti zilizomo ndani ya sefu yako. Bastola ya mtindo wa 1911, iliyobuniwa na John Browning na kutumiwa na jeshi la Marekani kuanzia mwaka huo, kwa kawaida hubebwa nyundo ikiwa nyuma na kizuizi cha usalama kikiwa kimefungwa. Bila kukishusha kwa kidole gumba, haifyatuki. Glock, iliyotoka Austria miaka ya 1980, kwa kawaida haina kizuizi cha kidole gumba kabisa. Ukikivuta kifyatulio tu, risasi imetoka. Rivolva ndogo ya risasi 5 nayo haina kizuizi cha namna hiyo, lakini kifyatulio chake ni kizito, huhitaji nguvu ya kilo 5 hivi, ambapo Glock huhitaji kama nusu yake. Tena nyingine magazini yake hutolewa kwa kitufe, nyingine kwa kijiti kilicho chini ya kifyatulio. Mpini wa hii unalalia kiganjani kwa pembe hii, wa ile kwa pembe nyingine, hivyo hata ukiinyoosha gizani mdomo wake hauelekei mahali pamoja.

Sasa mchukue mtu aliyezoea Glock siku nne za wiki, kisha Ijumaa akabeba 1911 kwa sababu mpini wake wa mbao unapendeza na suti. Hatari ikimkuta Ijumaa hiyo, atavuta kifyatulio na kitakataa. Atavuta tena. Au mgeuze: aliyezoea kifyatulio kizito cha rivolva, leo ana bastola nyepesi, na kidole chake kikafika kifyatulioni kabla akili haijaamua kwamba aliye mbele yake ni adui. Kosa la kwanza litamgharimu uhai wake. La pili litamgharimu mtu asiye na hatia, na mengine yote yatakayofuata maishani mwake yataanzia hapo. Mshika mbili moja humponyoka. Na hapa kinachomponyoka ni ule uhakika uliomfanya abebe silaha tangu mwanzo.

Wanaotetea zamu wana hoja zao, na si za kupuuzwa. Wanasema mwili wa Julai si mwili wa Januari. Joto la Houston halikubali koti, na bastola nene chini ya fulana huonekana na kila mtu sokoni. Wanasema chombo huharibika na hupelekwa kwa fundi. Wanasema ukijitetea kihalali, polisi wataichukua silaha yako iwe ushahidi, na utabaki mikono mitupu. Wanakumbusha pia kwamba polisi wengi wa zamani, enzi za rivolva za risasi 6, walifunga ya pili kifundoni kwa sababu kujaza upya kulichukua muda.

Zote hizo ni hoja za kweli, na dawa yake si aina tatu za silaha. Ukihitaji ya akiba, nunua pacha: aina ileile, kifyatulio kilekile, magazini zinazoingiliana, ikae imefungwa hadi siku ya haja. Ukihitaji ndogo ya wakati wa joto, itafute katika ukoo uleule, ili kidole gumba na cha shahada visikutane na kitu kigeni. Na kwa wengi hata hilo halina lazima tena. Tangu SIG Sauer walete P365 mwaka 2018, bastola nyembamba yenye kubeba risasi 10 kwenye magazini, watengenezaji wengine wamefuata njia hiyo, na sababu ya kuwa na moja ya kiangazi na nyingine ya baridi imepungua sana. Chagua ile inayofichika siku yenye joto kali kuliko zote, kisha uibebe hiyohiyo hata siku ya theluji. Koti halijawahi kukataa kuficha kitu kidogo.

Umoja huo uhusu pia mahali. Bastola moja inayohama leo kiunoni, kesho mkobani, keshokutwa chini ya kiti cha gari, haina tofauti kubwa na bastola tatu. Desemba 2014, dukani katika mji mdogo wa Hayden, jimbo la Idaho, mama mmoja mwenye kibali halali alikuwa na bastola katika mkoba uliotengenezwa maalumu kwa kuifichia. Mwanawe wa miaka 2 aliyekuwa kwenye toroli akaifikia, ikalia, na mama akafa palepale. Hakuwa mzembe kwa sheria wala kwa vifaa. Lakini mkoba huachana na mwenyewe, na mtoto hufika mahali ambapo mtu mzima hakutazamia. Kama ni kubeba, ibaki mwilini, katika ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, upande uleule kila siku. Na ikitoka mwilini, iende kwenye sefu moja kwa moja, isipumzike juu ya kabati wala chini ya mto.

Sasa tuingie moyoni. Kwa nini kijana huyu ana tatu? Mwaka 2023 taasisi ya utafiti ya Pew iliwauliza Wamarekani wenye bunduki sababu ya kuwa nazo, na asilimia 72 walitaja ulinzi kuwa sababu kubwa. Simkatalii mtu hofu yake. Anayefunga duka usiku wa manane peke yake anajua anachokiogopa. Lakini hofu hutosheka na chombo kimoja kinachofanya kazi. Kinachodai cha pili na cha tatu mara nyingi kina jina jingine: ni kutamani. Ni raha ya kitu kipya, ya kukionyesha kwa wenzako, ya kujihisi mtu wa namna fulani. Kukusanya vitu si dhambi. Wako wanaokusanya saa na wako wanaokusanya bunduki za kale, wakazihifadhi kwa adabu. Basi atakaye kukusanya na akusanye, lakini ajue kwamba mkusanyaji na mbebaji ni watu wawili, na wasikae kwenye mkanda mmoja. Ya kupendeza ikae ndani. Inayotoka nje ichaguliwe kwa kazi yake, hata kama haina sura.

Dalili ni rahisi. Ukijikuta unachagua bastola kwa kuangalia viatu, umeshageuza chombo cha mauti kuwa pambo. Na pambo hutaka kuonwa. Shati litainuliwa kidogo, mkono utapita kiunoni mbele za watu, na siku moja utaitoa kumtishia mtu ambaye ilitosha kumpisha. Majimbo mengi huhesabu kitendo hicho kuwa kosa la jinai, hata risasi isipotoka.

Kuna hesabu nyingine ambayo wauzaji hawaiweki mezani. Kila silaha inayoongezeka nyumbani ni mlango mmoja zaidi wa kufunga, na mwizi unayemwogopa si lazima atoke nje. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki Marekani. Zaidi ya nusu yao, 26,328, walijiua wenyewe. Aliyejaribu kujiua kwa njia nyingine mara nyingi hupona, akapata siku ya pili ya kufikiri. Kwa bunduki, karibu 9 kati ya 10 hawapati siku hiyo. Nalisema hili kwa sababu jamii zetu ughaibuni zimebeba mengi. Wamo waliokimbia vita vya Kivu, wamo waliopoteza wazazi bila kuwazika, wamo vijana waliofanya kazi zamu za usiku mpaka wakasahau kucheka. Hayo hatuyasemi barazani. Kwa hiyo mwenye silaha na awe na mtu mmoja wa kumwamini, atakayemwambia bila aibu: ndugu, mambo yangu hayako sawa, nisaidie tuitoe hii ndani ya nyumba kwa muda. Utaratibu wa kuikabidhi hutofautiana jimbo na jimbo, basi uliza mapema kabla ya siku ya dhiki. Mwenye moja anaweza kufanya hivyo kwa safari moja. Mwenye sita ataacha mojawapo.

Wahamiaji tuna nyongeza. Sheria ya taifa la Marekani inawakataza kumiliki bunduki walio nchini bila hadhi halali, na inawakataza pia wengi wa walio na viza za muda, isipokuwa kwa vighairi vichache. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa, lakini asilale usingizi wa raia: kutiwa hatiani kwa kosa la kubeba au kumiliki silaha kinyume cha sheria ni sababu ya kufukuzwa nchini. Na dereva wa lori azingatie kwamba kibali cha Texas si pasipoti. California, New York na New Jersey hazitambui kibali cha jimbo lolote jingine. Sheria ya 1986 inamlinda msafiri anayepita tu, kwa sharti kwamba silaha haina risasi, imefungiwa, na haifikiki kutoka kwenye kiti chake. Tena lazima iwe halali atokako na aendako. Kukumbuka hayo kwa bastola moja kwenye barabara ya majimbo saba ni kazi tosha. Yule wa zamu, ambaye Jumatatu aliweka moja kwenye begi na Jumatano akasahau, atakumbushwa na polisi wa barabara kuu.

Tufike kwenye tabia, ambako safari yote ilikuwa inaelekea. Aliyejifunga silaha amejinyima haki nyingi ambazo wengine tunazo. Mimi naweza kujibizana na mtu aliyenichomekea barabarani, yeye hawezi. Mimi naweza kurudi kumuuliza jirani kwa nini amenitukana; yeye inambidi atembee aende zake. Sheria ya kujitetea, hata katika majimbo yasiyomlazimisha mtu kukimbia kwanza, kwa kawaida haimlindi aliyeuanza ugomvi, na haimruhusu mtu kuua kwa sababu ya tusi, deni au gari lililokwaruzwa. Inataka hatari ya kifo au jeraha kubwa, iliyo hapo hapo, ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angeiona. Hasira hasara, walisema waliotutangulia, na wao walikuwa na fimbo tu mkononi.

Kwa hiyo siku ya pombe, bastola ibaki kwenye sefu. Siku ya kikao cha kugawana urithi au kwenda kwa mtalaka kuchukua watoto, ibaki kwenye sefu. Siku umeamka na kinyongo na mtu unayemjua kwa jina, hiyo ndiyo siku ya kuiacha kuliko zote. Mwenye kujihami hamtafuti mtu. Anasubiri asilopenda litokee, na anaomba lisitokee.

Jeff Cooper, mwalimu aliyefungua shule ya bastola ya Gunsite huko Arizona mwaka 1976, alifupisha usalama wa silaha katika kanuni 4 ambazo bado hufundishwa: ihesabu kila bunduki kuwa ina risasi; usiielekeze kwa kitu usichokuwa tayari kukiangamiza; kidole kisiguse kifyatulio mpaka umeshalenga; na uwe na hakika ya unachokilenga na kilicho nyuma yake. Mimi ningemwambia kijana wetu kwamba kila moja ya kanuni hizo ni kanuni ya tabia. Aliye makini na kidole chake huwa makini pia na ulimi wake. Na asiyeweza kuuzuia ulimi, sina imani na kidole chake.

Basi, ndugu yangu, fanya hivi. Toa zote tatu, uhakikishe hazina risasi, uzilaze mbele yako. Chagua ile unayoilenga vizuri kuliko zote na kuificha bila taabu. Hizo nyingine uziuze kwa njia halali, au uzifungie na ukubali kwamba ni vitu vya kupenda tu. Zile fedha ulizokuwa ukiziwekea ya nne, lipia mwalimu na risasi za mazoezi, kisha urudi uwanja wa shabaha kila mwezi mpaka mkono ujifunze bila kuulizwa. Mweleze mkeo ilipo na jinsi inavyofungwa. Soma sheria ya jimbo lako na ya kila jimbo unalopita. Jichunguze hasira zako kwa mwaka mmoja, tena kwa ushahidi wa wanaoishi nawe, si kwa ushahidi wako mwenyewe.

Ukiyatimiza hayo, hutauliza tena kama unahitaji ya pili. Yakikushinda, usitafute bastola nyingine itakayokufaa zaidi: hata hiyo moja, iache.